Vlahinja wa Kantini

Savka alikufa Jumanne asubuhi katika hospitali ya mjini, manesi wakiwa wanapokezana zamu, na mumewe Hilmo alikuwa ameshuka chini kununua maji ya chupa. Aliporudi akakuta pazia limeshavutwa. Nesi akampa mfuko wa nailoni wenye ndala, gauni la kulalia, miwani na kitambulisho, akamwambia pole mzee, maiti itakaa mochwari mpaka Alhamisi, zaidi ya hapo hatuwezi, friji letu bovu.

Hilmo hakulia. Alikaa kwenye benchi la nje na maji yake mkononi, akawaza jambo moja tu: nani atambeba. Savka alikuwa amemwambia mara mbili, mara ya mwisho juzi Jumapili, huku akichezea ncha ya shuka: "Nizike Podgaj kwa baba na mama. Na watu wa kiwanda uwaambie, Hilmo. Nisije nikapelekwa kaburini na watu wanne kama maiti ya kuokotwa barabarani." Naye akaahidi. Aliiona ahadi nyepesi, maana watu wa kiwanda cha mbao walikuwa zaidi ya mia mbili, na wote hao walikula mkononi mwa Savka, mpishi wa kantini, miaka ishirini na miwili.

Sasa kiwanda chenyewe hakipo. Baada ya vita vya miaka ya tisini wakubwa waliuza misumeno kwa bei ya chuma chakavu, mabati ya paa yakapotelea kwenye nyumba za wakubwa, na wale watu mia mbili wakatawanyika pande mbili za mstari ambao wakubwa hao hao waliuchora kwenye ramani walipochoka kupiganisha watoto wa wenzao. Waislamu huku, Wakristo Waorthodoksi kule. Hilmo hakuwa na namba ya simu ya hata mmoja. Njia ilibaki ile ile ya siku zote: karatasi za msiba, zenye jina, picha na saa ya mazishi, zinazobandikwa kwenye nguzo, kwenye miti na vituo vya basi pande zote mbili, ambazo kila mtu wa huko husimama kuzisoma hata kama basi lake linaondoka.

Akaenda moja kwa moja kwenye duka la uchapaji karibu na soko. Ndani alikuwemo binti mmoja wa kucha ndefu, mbele ya kompyuta.

"Pole, babu. Fremu gani?"

"Zipo za namna gani?"

"Kijani yenye mwezi, ya Waislamu. Nyeusi yenye msalaba, ya Waorthodoksi. Na bluu ya wale... wa zamani."

"Wa zamani ndio akina nani?"

"Mimi sijui, babu. Wa Chama, wale wakomunisti. Wasio na upande."

"Basi weka bluu. Tulifunga ndoa kwa karani wa wilaya, picha ya Rais ukutani."

"Jina la marehemu?"

"Savka Delić."

Binti akaandika, kisha akamtazama Hilmo na bereti yake, akalitazama tena jina lile, Savka la Waorthodoksi, Delić la Waislamu. Akauliza: "Jina la utani? Wengi wanaweka, ndilo wanalojulikana nalo."

"Ndilo lenyewe hasa. Weka Vlahinja. Kwa herufi kubwa kuliko hilo la juu."

Kidole cha binti kikasimama hewani.

"Babu, unataka nifukuzwe kazi?"

"Kwa nini ufukuzwe?"

"Hilo ni tusi la kuwatukana Waorthodoksi."

"Ni mke wangu."

"Najua. Lakini ni tusi." Akageuka, akaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye muhuri wa halmashauri. Ilikuwa orodha. Maneno kumi na manne yasiyoruhusiwa kuchapwa katika tangazo lolote la hadharani, kwa ajili ya amani na kuheshimiana. La tatu lilikuwa Vlah na yote yatokanayo nalo. La kwanza Balija. Chini kulikuwa na sahihi ya meya, ndefu, yenye mkia.

Hilmo alisoma hadi darasa la nne tu, lakini sahihi hiyo aliijua. Mwenye nayo alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo kabla hajawa mtu. Mwaka wa tisini na mbili, masika, alipanda juu ya lori pale Krušik, kijijini kwa Hilmo, mbele ya msikiti, na kipaza sauti mkononi, akasema kila Vlah ni nyoka hata akiwa amelala kitandani mwako. Alisema kitandani mwako. Hilmo alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwenye lori lile, na vichwa vya watu vikageuka kumtazama. Leo huyo huyo ana gari la serikali na anawafundisha watu heshima.

"Mwambie aje mwenyewe anikataze," alisema Hilmo.

"Babu, mimi ni mtoto wa watu. Tuandike Savka tu. Si ndiye?"

"Savka nani anamjua?"

Akatoka bila kuaga.

Na kweli, Savka nani alimjua? Jina lile lilianza mwaka sitini na nane, siku alipoingia kama bibi harusi katika uwanja wa kina Delić pale Krušik. Ndugu walikuwa watatu, na mama yao Hatidža hakumwita mkwe wake hata mmoja jina alilopewa na wazazi. Alisema majina ya watu yanampotea, ila wanakotoka hapasahau. Mke wa ndugu wa kwanza aliitwa Tuzlanka kwa sababu alitoka Tuzla, wa pili Posavka kwa sababu alitoka bondeni kando ya mto Sava, na Savka, aliyetoka kilima cha jirani tu, mwendo wa saa moja kwa mguu, akaitwa Vlahinja. Vlah ndivyo Waislamu wa milima ile walivyowaita Waorthodoksi tangu enzi za masultani. Mwanamke wao ndiye Vlahinja. Waorthodoksi nao walikuwa na lao la kumwita Mwislamu wa shamba: Balija. Hakuna atakayedanganya kwamba majina hayo hayakuwa na ukali. Yalikuwa nao, lakini ukali wa kitunguu kibichi, unachokula na mkate huku machozi yanakutoka na unacheka. Kwenye harusi yao kaka yake Savka, Cvijetin, alilewa rakija akamkumbatia Hilmo shingoni mpaka vifungo vya shati vikakatika. "Balija mbwa wewe, umetuibia dada! Umetuibia dada yetu!" Alikuwa akilia. Watu waliangua kicheko hadi mpiga akodioni akaacha kupiga.

Kiwandani jina lilimfuata. Kantini ilikuwa na sufuria mbili za maharage, moja ina nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, nyingine ya ng'ombe, na kila moja ilikuwa na upawa wake wenye uzi wa rangi yake. Katika miaka ishirini na miwili upawa haukukosea sufuria. Saa nne asubuhi dirishani palikuwa vurugu.

"Vlahinja, usichanganye, utanipeleka motoni!"

"Wewe wa motoni tu, hata ukila majani."

"Vlahinja, huyu Balija mwenzangu umempa nyama tatu, mimi mbili!"

"Yeye ana watoto sita. Wewe una nini zaidi ya mdomo?"

Mwanamke mnene, kitambaa cheupe kichwani, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Nyumbani Hilmo alikuwa akifika getini anapaza sauti, "Vlahinja!" na kutoka jikoni inarudi, "Sema, Balija!" Mtoto hawakujaliwa. Nyumba nzima ilikuwa ni maneno mawili hayo, asubuhi na jioni, na Hilmo hakuona kimepungua nini.

Halafu wakubwa wakapanda malori yao. Neno la jikoni wakalichukua wakalitia kwenye kipaza sauti, na lilipotoka lilikuwa na damu. Hilmo hakuwasamehe kwa mengi, kwa vijana waliokufa, kwa kiwanda, kwa pensheni yake inayotosha dawa za wiki mbili, lakini katika moyo wake aliona hili la neno nalo ni wizi. Walimwibia mtu jina la mkewe.

Basi Jumanne ile akapita dukani, akanunua karatasi nene kumi na mbili na kalamu mbili za wino mzito, nyeusi na bluu. Mchana alimpigia Cvijetin simu ya Podgaj, upande wa pili wa mstari. Walikuwa hawajaongea miaka kumi na moja. Hilmo akamweleza msiba na alichoomba Savka.

"Mlete," alisema Cvijetin. "Karibu na mama pana nafasi. Ufunguo wa lango la makaburi ninao mimi."

"Ahsante, shemeji."

"Usinishukuru. Ni dada yangu."

Hilmo akainamia meza ya jikoni akaandika, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mwanafunzi. Fremu ya bluu aliichora kwa rula. *Amefariki Savka Delić*, kisha chini yake, kubwa, mstari mzima, VLAHINJA, kisha *mpishi wa kantini ya kiwanda cha mbao. Mazishi Alhamisi saa saba mchana, Podgaj. Anayemkumbuka aje.* Kumi na mbili. Jioni hiyo na kesho yake asubuhi alizunguka na basi la huku na basi la kule, akabandika kituo cha mabasi, lango la soko, nguzo ya kiwanda kilichokufa, kona ya msikiti wa Krušik, na ya mwisho mlangoni mwa duka la Podgaj. Aliporudi nyumbani alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Watakuja, alijiambia. Wakiona jina hilo watakuja hata kwa magongo.

Jumatano saa nane mchana simu ikalia.

"Usimlete," alisema Cvijetin.

"Nini?"

"Umesikia. Lango sifungui." Akakata.

Hilmo alipanda basi lile lile la asubuhi, akabadilisha pale mpakani, penye kibao cha herufi za Waorthodoksi, akafika Podgaj viatu vimejaa tope. Cvijetin alikuwa uani kwake akipasua kuni. Mzee wa miaka sabini na mbili, mgongo umepinda, lakini shoka lilikuwa linashuka sawasawa. Hakulisimamisha. Juu ya rundo la kuni ilikuwa karatasi ya Hilmo, imekunjwa nne.

"Shemeji."

"Umeona ukuta wa ghala langu?" alisema Cvijetin bila kugeuka. "Utazame."

Ukuta wa ghala ulikuwa umepakwa chokaa. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeulowesha, na chini ya chokaa zilionekana herufi nyeusi, ndefu kama mtu, za neno lile lile kwa wingi wake: Vlah wote, pamoja na wanachopaswa kufanyiwa.

"Nimepaka mara tatu. Jua likiwaka linapotea. Mvua ikinyesha linarudi. Walioandika walikuwa watu wako, mwaka tisini na nne, na ndani ya ghala alikuwemo baba yangu." Akalichomeka shoka gogoni. "Leo nakwenda kununua mkate, nakuta mlangoni jina la dada yangu, na neno hilo hilo, kwa herufi kubwa. Watu wamejipanga wanasoma. Mmoja ananiuliza, Cvijetin, hata akifa hawamwachi?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua mwandiko wako. Unaandika kama kuku."

"Basi unajua sikuwa na nia hiyo. Cvijetin, wewe mwenyewe ulikuwa unaniita Balija. Harusini, mbele ya watu, unanilowesha shingo kwa machozi."

"Nilikuwa nakuita."

"Niite sasa."

Cvijetin akamtazama. "Siwezi," alisema. "Nikilitamka, nasikia sauti za wale wengine wakilitamka. Wale wa kwetu. Walivyokuwa wakilisema walipowapeleka wenzenu kule mtoni, wasirudi." Akakaa juu ya gogo. "Kaa. Ukisimama kama mti hunisaidii."

Hilmo akakaa. Kahawa haikuletwa, na wote wawili walijua maana yake: hakupokewa kama mgeni.

"Ni wakubwa hawa," alisema Hilmo. "Mwalimu wa mazoezi ya viungo, na wenu yule daktari wa ng'ombe. Wao ndio walioyachafua. Sisi tulikuwa tunaitana tu, tunacheka. Jina ni la Savka, si lao, na mimi siwaachii. Nikiandika Savka, nani wa kiwandani atajua? Aliniomba, Cvijetin. Alisema watu wa kiwanda waje."

"Aliomba waje. Aliomba uwaite kwa neno hilo?"

"Jina lake lingine hawalijui!"

"Wakubwa, wakubwa," alisema Cvijetin polepole. "Hata mimi nawalaani. Lakini wakubwa walikuwa wanakuja jikoni kwako kumwita? Ulikuwa unamwita wewe." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Habari ya unga unaijua? Alikwambia?"

"Unga gani?"

"Nilijua hakukwambia. Kila mwaka, siku ya kuwaombea wafu, tangu barabara ifunguliwe, alikuwa anakuja hapa kwa mama. Wewe ulidhani yuko kliniki ya sukari. Tulikuwa hatuongei sana, tunakaa, tunakula ngano ya kuchemsha, anarudi. Mwaka ule wa kwanza akanieleza. Majira ya baridi ya tisini na tatu, wewe uko kwenye mahandaki unachimba, Krušik umekuja unga wa msaada. Amepanga foleni toka alfajiri, theluji magotini. Kufika mbele, mgawaji anamwangalia, anasema kwa sauti: huu si wa Vlahinja. Na nyuma yake foleni nzima, watu aliowalisha, Hilmo, aliowawekea nyama tatu, hakuna aliyefungua mdomo. Halafu mmoja akacheka."

Hilmo alikumbuka majira yale. Alirudi kutoka mahandakini akakuta mkate wa pumba, na Savka akamwambia unga uliisha kabla hajafika mbele.

"Jioni ile ile," alisema Cvijetin, "ukarudi, ukafika getini, ukaita. Hivyo hivyo kama siku zote. Alisema aliona kama ni yule mgawaji amemfuata nyumbani. Nikamwambia, si umkataze? Akasema, Hilmo hana kitu kingine kilichobaki kama zamani. Nikimnyang'anya na hili atakaa na nini?"

Kuku walipita kati yao wakidonoa maganda ya kuni. Hilmo alitaka kusema ni uongo. Alilitafuta tusi la kumtukana mzee huyu, na alipokuwa analitafuta akasikia kichwani mwake mambo mengine: geti likilia, sauti yake mwenyewe ikiita, na baada yake kimya. Lini mara ya mwisho alisikia "Sema, Balija"? Alirudi nyuma mwaka mmoja mmoja. Baada ya vita Savka alikuwa hajibu, alikuwa anakuja. Anafungua mlango, anajifuta mikono kwa aproni, anasimama. Hilmo alidhani ni uzee, au sukari imempunguzia sauti. Miaka kumi alikuwa ameita, na miaka kumi mwanamke yule alikuwa amekuja.

"Fremu nyeusi," alisema Cvijetin. "Msalaba. Jina lake na la ukoo wetu. Ukiniletea hiyo, lango liko wazi kesho saa saba. Ukileta ile nyingine, mzike kwenye uwanja wa msikiti, kama watakukubalia."

"Hawatakubali."

"Najua hawatakubali."

Jioni hiyo Hilmo alizunguka kuzitoa karatasi zake. Alizipata saba. Ya kituo cha mabasi mtu alikuwa amelikata neno lile kwa kalamu, mistari miwili, kwa uangalifu, kama mwalimu anayesahihisha. Ya sokoni mwingine alikuwa ameongeza chini yake, *mmoja amepungua*. Ya kona ya msikiti ilikuwa imechanwa ukabaki utepe wa gundi. Zile saba akazikunja akazitia ndani ya koti, akafika kwenye duka la uchapaji binti akiwa anafunga.

"Nyeusi," alisema.

Binti akawasha tena kompyuta. Savka Delić, wa ukoo wa Lukić. Umri sitini na moja.

"Weka kwamba alikuwa mpishi. Kantini ya kiwanda cha mbao."

"Haina nafasi, babu. Fremu nyeusi imewekwa mistari yake na makao makuu. Jina, umri, siku, mahali, waliofiwa. Mashine yenyewe inakataa, ona." Akabonyeza, na kweli mashine ikakataa. "Picha unayo?"

Alikuwa na ile ya kitambulisho. Mwanamke mwembamba, mvi zimebanwa nyuma, macho yanatazama kama ya mtu anayesubiri kuitwa kwenye foleni.

Alhamisi alfajiri Hilmo alibandika karatasi nyeusi pande zote mbili, na saa saba, Podgaj, palikuwa na upepo. Kasisi hakuja, alisema ndoa ya kwa karani yeye haijui, makaburi ni ya kijiji, yeye ana kanisa tu. Cvijetin alikuwepo, na mwanawe mkubwa, na mchimba kaburi, na Hilmo, na dereva wa gari la hospitali ambaye walimwomba ashike upande mmoja, akashika huku amevaa glavu. Walimsubirisha Savka kwenye benchi la langoni mpaka saa nane kasorobo, labda basi limechelewa. Basi lilikuja. Akashuka mama mmoja na debe la mafuta, akaelekea kwake.

Cvijetin akasema sala aliyoikumbuka nusu. Ikafika zamu ya mume kumuaga. Hilmo akavua bereti, akasogea ukingoni, akafungua mdomo kumwita, na hakikutoka kitu. Lile la getini hakuweza tena. Lile la kuzaliwa alikuwa hajawahi kumwita hata siku moja, miaka thelathini na mitano, na aliona haya kuanza sasa, mbele ya watu. Akasimama hivyo mpaka mchimba kaburi akakohoa.

Siku ya arobaini alikwenda mjini kutafuta ngano, maana kwa watu wa Savka siku hiyo huliwa ngano ya kuchemsha kaburini. Sokoni mtu akamshika bega. Mkono ulikuwa na vidole vitatu.

"Hilmo! Mzee wa mbao! Hujafa?"

Alikuwa Ostoja, wa msumeno mkubwa. Mwenyewe alikuwa akipenda kusema vidole viwili ameikopesha serikali. Alihamia upande wa kule mwaka wa tisini na tano na familia yake, na sasa alikuwa amekuja kuuza asali. Akamkumbatia Hilmo, kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, akateremsha sauti hadi ikawa pumzi tu.

"Na Vlahinja? Hajambo?"

Hilmo akamwambia.

Ostoja aliketi juu ya kasha la asali. "Lini?"

"Mwezi uliopita. Alhamisi. Karatasi zilikuwa kila mahali, hata kwenu, kituo cha mabasi."

"Mwezi uliopita nimepita pale kila siku." Akakunja uso akitafuta. "Ilikuwepo moja, fremu nyeusi, mama mmoja mwembamba. Savka sijui nani. Nimeisoma, Hilmo. Nilisimama nikaisoma yote nikisubiri basi. Nikasema, masikini, sitini na moja tu, nikapanda basi." Akapiga paja lake kwa ule mkono wa vidole vitatu. "Kwa nini hukuandika? Tungekuja! Mimi, Rade, Zaim wa ghala, yule kiziwi wa boila. Hakuna siku inayopita hatujamtaja!"

"Walikataa."

"Nani?"

Hilmo aliwaza meya na lori lake. Aliwaza orodha ya ukutani, na mashine isiyokubali mistari sita. Alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya kweli.

"Twende," alisema. "Ni leo."

Wakapanda basi pamoja, Ostoja amepakata asali. Makaburini hapakuwa na mtu. Cvijetin alikuwa ameacha lango wazi na kwenda zake. Kwenye msalaba mpya wa mbao herufi zilikuwa zimepigwa vizuri kwa rangi nyeusi. Ostoja akavua kofia, akazitengeneza nywele zake zilizobaki, na uso wake ukawa ule wa saa nne asubuhi, mbele ya dirisha la kantini.

"Eh, Vlahinja," alisema kwa sauti, "nimekuja na njaa, na huyu..."

Hilmo akamkamata mkono.

"Usimwite hivyo."

Ostoja akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Nani amekataza? Meya wenu?"

"Mimi."

Ostoja akamtazama mtu huyu aliyelipaza jina lile getini kwake miaka yote hadi kiwandani wakamwiga. Hakuelewa, lakini aliona uso wake, akaacha kucheka.

"Nimwiteje basi? Mimi lingine silijui."

Hilmo akamwonyesha msalaba. Ostoja akasogea, akasoma huku midomo inacheza. Akakohoa. Akaishika kofia kwa mikono yote miwili, mbele ya tumbo, kama mtu aliyeingia ofisi asiyoizoea.

"Savka," alisema.

Akangoja kidogo, akamwangalia Hilmo, akautazama tena msalaba. Kisha akavaa kofia yake, maana kwa mwanamke wa jina hilo hakuwa na la kusema.